Unga wa Mishipa wa Mzee Nibaran

Mzee Nibaran Sen hakuwa mahabusu, ila alikuwa amelala kituo cha polisi. Inspekta Rehnuma Talukdar ndiye aliyemleta, baada ya vijana wa mtaa wa wafumaji, hapo nje ya mji wa Tangail, kukusanyika mbele ya duka lake la mitishamba wakiwa na dumu la mafuta ya taa. Walidai amempa Gourango Basak sumu. Sasa mzee alikuwa ameketi kwenye benchi, shali mabegani, akinywa chai ya kituo kwa uso wa mtu anayetumikia adhabu.

“Majani yamechemshwa mpaka yameomba msamaha,” alisema. “Nani kapika hii?”

“Mimi,” alijibu Sajenti Motaleb. “Wewe wanasema umepika makubwa zaidi, kwa hiyo kunywa.”

Rehnuma alikuwa amemaliza kusoma majibu ya hospitali. Akaikunja karatasi na kuvuta kiti karibu na benchi.

“Mzee, damu ya Gourango ina madini ya risasi. Mengi. Ndiyo yaliyoangusha kiganja chake, na ndiyo yaliyomkaza tumbo juzi hata akaanguka penye mtambo wake wa kufumia.”

Gourango alikuwa fundi wa sari ambaye kazi yake iliagizwa mpaka Dhaka. Tangu mwanzo wa mvua, mkono wake wa kulia ulikuwa unanyanyuka vizuri mpaka kwenye kifundo, na kutoka hapo kiganja kilining’inia kama nguo iliyolowa. Muda wote huo alikuwa akitumia unga wa mishipa wa Nibaran.

“Tumepima unga wako pia,” Rehnuma aliendelea. “Ule tuliouchukua dukani ni safi. Ule wa chupa iliyokuwa nyumbani kwa Gourango una risasi.”

“Basi jibu unalo. Ulitoka kwangu ukiwa safi.”

“Au uliubadilisha wa dukani ulipowaona vijana wanakuja.”

“Kwa miguu hii? Nilikuwa chini ya meza, binti yangu, nikimwomba Mungu wangu na wako.”

Motaleb akakohoa. “Afande, mimi ninayo chupa moja.”

“Ya nini?”

“Ya unga wake. Miguu yangu inakufa ganzi. Niliinunua kabla ya mvua, haijaguswa na mtu mwingine.”

Mzee akamgeukia kwa hamu ya mganga. “Umepata nafuu?”

“Bado.”

“Unakula miiko?”

“Nakula chamcham,” alisema Motaleb. Utamu huo wa maziwa uliolowa sukari ulikuwa fahari ya Tangail nzima, na tumbo la sajenti lilikuwa ushahidi.

“Basi unanilaumu nini? Unga bila miiko ni vumbi. Hakuna samaki, hakuna kichachu, hakuna kiungo chochote. Wali wa kuchemsha, mboga za kuchemsha, chumvi kidogo na samli. Nawaambia wote hivyo.”

“Ndani ya unga mna nini?” aliuliza Rehnuma.

“Mzizi wa ashwagandha, majani ya brahmi, tangawizi kavu, pilipili mtama.”

“Na madini? Waganga wengine huchoma risasi wakatumia majivu yake.”

“Baba yangu alichoma. Mimi sina tanuri, na mikono inatetemeka. Ukikosea moto unaua mtu.” Akaweka kikombe chini. “Unga wangu unaponya. Usiniulize mimi, mwenye duka lazima ajisifu. Kamuulize Kamini, mfumaji wa mtaa ule ule.”

Rehnuma akaipeleka chupa ya Motaleb hospitali ikapimwe, kisha akaenda na sajenti kumuuliza Kamini.

* * *

Kamini alikuwa akifuma walipofika. Hakusimamisha kazi. Miguu ilikanyaga, mikono ikavuta, uzi ukapita, na maswali yakajibiwa katikati ya mapigo.

“Nilikuwa siwezi kushika hata uzi, dada. Ganzi ilipanda mpaka huku kwenye kiwiko. Nikaenda kwa Mzee Nibaran. Unga wake mchungu, naapa! Lakini miezi michache tu nikarudi kazini. Na wanaosema ni mwuaji waje waangalie mkono huu.”

“Umepona kabisa?”

“Nikiacha unga, ganzi inarudi. Nikianza tena, inaondoka. Si ndiyo dawa hiyo?”

“Unapoacha unga, miiko unaishika?”

Kamini akacheka. “Nani anaweza kula wali wa kuchemsha maisha yote? Nikiacha dawa nakula kama watu.”

Kutoka chumba cha pili sauti ya mwanamume ikadakia, “Tunakula kama watu! Sema tunakula!”

“Mume wangu huyo, Dulal,” alisema Kamini. “Mimi sipiki vyungu viwili. Nikiwa kwenye miiko, na yeye yuko kwenye miiko, apende asipende.”

“Ananifungisha samaki na viungo kama mjane!” ilisema sauti.

Rehnuma akasogea mlangoni. Dulal alikuwa ameketi sakafuni akikunja sari zilizokwisha. Alifanya kazi hiyo upesi, vidole vyake vikinyoosha pindo bila kukosea.

“Bwana Dulal, wewe mikono yako haikuwahi kukusumbua?”

“Ilinisumbua. Ganzi kama ya huyu. Iliondoka yenyewe.”

“Ulitumia unga?”

“Huyo?” Kamini alipaza sauti bila kugeuka. “Anauogopa kama mtoto! Nilimtilia kwenye kijiko akakimbilia uwanjani.”

“Unanuka mbuzi,” alijitetea Dulal.

Rehnuma akawashukuru. Nje, Motaleb alisubiri mpaka wakapita kona.

“Afande, kwa Kamini unga unafanya kazi. Kwa Gourango umemlaza. Na tofauti ni kwamba chupa ya Gourango imetiwa kitu. Mimi namshuku mkewe. Malati na mumewe wanagombana mpaka majirani wanajua nani kakosa.”

“Wanagombana nini?”

“Eti alikuwa hataki kwenda hospitali.”

“Mke anayemtilia mumewe sumu anamsukuma aende hospitali?”

Motaleb akafikiri. “Basi ni mjanja.”

“Au hana kosa. Twende tukaone chupa ilikaa wapi.”

* * *

Malati Basak aliwapokea uwanjani, ushungi umeshuka, macho mekundu. Kwenye mkeka kivulini binti yake Jhuma alikuwa amejikunja kwa ubavu, mkono tumboni. Barazani, mama mkwe wa Malati, bibi kizee aliyevaa sari nyeupe ya ujane, alikuwa akipitisha nyuzi nyembamba kwenye matundu ya mtambo wa mwanawe, moja baada ya nyingine, kana kwamba fundi angerudi jioni.

“Chupa ya unga uliiweka wapi?” aliuliza Rehnuma.

“Jikoni, kwenye rafu ya viungo.”

“Mumeo alijipimia mwenyewe?”

“Kwa kiganja kipi, dada? Mimi ndiye niliyempa. Kijiko kimoja asubuhi, kingine jioni.”

“Kijiko gani?”

Malati akamwonyesha. Kilikuwa kimechomekwa ndani ya kopo la kiungo cha manjano. Motaleb alinyanyua nyusi, lakini Rehnuma alikuwa ameshakichukua na kukisogeza penye mwanga.

“Kijiko hiki ndicho ulichotia kwenye chupa ya dawa?”

“Ndiyo. Nilikuwa nachota unga, nachota na manjano, nakoroga kwenye maziwa ya moto.”

“Mzee Nibaran alikwambia uweke manjano?”

“Yeye alikataza viungo vyote. Lakini mtu anakonda, dada! Wali mtupu, mboga tupu, anafuma vipi? Nikampikia samaki wake, nikampikia dengu zake. Na manjano mama yangu alitupa utotoni kwa kila jeraha.” Akakaza sauti. “Nilifikiri nasaidia dawa.”

“Mnanunua wapi?”

“Kwa Mokbul, mwenye mashine ya viungo. Mtaa mzima tunanunua kwake. Yanang’aa.”

Rehnuma akachuchumaa kando ya Jhuma. “Tumbo linauma tangu lini, mama?”

“Linauma tu,” alisema mtoto.

“Nionyeshe meno.”

Mtoto akafunua midomo. Chini ya meno, ukingoni mwa fizi, palipita mstari mwembamba wa buluu kama uliochorwa kwa kalamu. Rehnuma alikuwa ameuona mstari huo mdomoni mwa Gourango, daktari alipomwonyesha. Akasimama polepole.

“Jhuma anakunywa unga wa Mzee Nibaran?”

“Mtoto? Hapana! Wa nini?”

“Anakula na baba yake?”

“Sahani moja.”

Rehnuma akamgeukia bibi barazani. “Na wewe, bibi, mikono inakusumbua?”

“Inisumbue ina nini?” Bibi hakuacha nyuzi zake. “Macho ndiyo yanaanza uvivu.”

“Unakula na hawa?”

“Tangu mume wangu afe nina chungu changu na jiko langu, kama wajane wote wa kwetu. Wali, boga, chumvi, samli. Siviweki hivyo vidude vyao vya rangi.” Akamtupia Malati jicho. “Hunicheka. Eti napika chakula cha wagonjwa.”

Nyumba moja, kisima kimoja, hewa moja, na mwenye mwili mzima alikuwa ndiye mkongwe kuliko wote. Rehnuma akafunga lile kopo kwa kitambaa, akaweka muhuri wake.

“Malati, mpeleke mtoto hospitali sasa hivi. Sajenti atakutafutia gari. Na hakuna mtu atakayekula kilichopikwa kwa manjano haya.”

Malati alilitazama kopo. Alitaka kuuliza, akamtazama mtoto, akaingia ndani kuchukua shali.

* * *

Safari hii majibu yalichukua siku kadhaa, kwa sababu mashine ya kupimia kiasi cha risasi ilikuwa Dhaka. Daktari Lutfa Sarker, aliyekuwa akimtibu Gourango, aliyaleta mwenyewe kituoni. Chupa ya Motaleb ilikuwa safi. Manjano ya Malati yalikuwa na risasi kiasi cha kumfanya daktari aombe yapimwe tena, na mara ya pili majibu yakawa yale yale.

“Ni rangi,” alisema. “Rangi ya njano ya viwandani. Wanaisugulia kwenye manjano mazima ili yang’ae. Iliyokutwa kwenye chupa ilibebwa na kijiko.”

“Na unga?” aliuliza Rehnuma. “Nataka jibu la unga pia. Watu wanaamini unaponya mishipa.”

“Wewe unasemaje? Wewe ndiye uliyewahoji.”

Rehnuma akahesabu kwa vidole. “Kamini alikunywa unga na kushika miiko, akapona. Akiacha vyote, anaugua. Hapo huwezi kujua ni kipi kinachofanya kazi. Gourango alikunywa unga bila miiko, akazidi kuugua. Dulal alishika miiko kwa kulazimishwa, unga hakuuonja, akapona. Bibi hajui unga, na viungo havipiti chunguni mwake. Hajaugua kabisa.”

“Kwa hiyo?”

“Popote manjano yalipotoka, mtu alipona. Unga uwepo, usiwepo.”

“Hivyo ndivyo hata mimi ningesema,” alisema daktari. “Ila kwa uangalifu. Watu wachache hawatoshi kuhukumu kila mzizi duniani. Labda uko unaofaa ugonjwa fulani, na siku moja utapimwa ijulikane. Huu, kwa wagonjwa hawa, sijaona ulichofanya.”

Motaleb alikuwa akisikiliza mlangoni. “Na mimi, daktari? Mimi sinunui kwa Mokbul. Mke wangu anatwanga mwenyewe.”

“Sajenti, ulipima sukari lini?”

“Sijapima.”

“Njoo kesho kabla hujala kitu. Hasa chamcham.”

* * *

Mokbul Sikder walimkuta mezani. Mashine yake ilikuwa imezimwa kwa mapumziko ya mchana. Kando yake pipa kubwa la kuzungusha lilikuwa limejaa manjano mazima, na kila kipande kilimeremeta kama kiini cha yai.

“Afande! Karibu, karibu. Leteni sahani! Dengu, wali, samaki wa bwawani, karibuni.”

“Tumekula,” alisema Rehnuma, lakini akaketi. Akalitazama bakuli. “Dengu zako zimepauka, Bwana Mokbul.”

“Mke wangu hapendi viungo vingi.”

“Samaki naye amepauka.”

“Anaogopa kiungulia.”

“Sajenti, muombe mama wa nyumba kopo lake la manjano.”

Mokbul alicheka, mkono ukasimama juu ya wali. Motaleb akarudi na mtungi mdogo. Ndani mlikuwa na vipande vigumu vya rangi ya udongo, bado vina vumbi la shambani. Rehnuma akaweka kimoja mezani. Kando yake akaweka kimoja kutoka kwenye pipa.

“Hiki cha nani?”

“Cha nyumbani.”

“Na hiki?”

“Cha wateja.”

“Mkeo anatwanga kwa mkono, na mumewe ana mashine uani.”

“Wanawake wana mambo yao.”

“Nimwite aniambie mambo yake mwenyewe?”

Mokbul akajifuta vidole, kimoja kimoja. “Afande, nikiwapelekea ya rangi hii wanasema yameoza. Wananitupia usoni! Wanataka yanayong’aa, na mimi nafuata mteja. Hiyo rangi haifichwi, inauzwa sokoni, watu wanapaka kwenye viti.”

“Kiti hakina damu.”

“Kidogo tu naweka!”

“Ulijua ni kiasi cha kukataa wewe kula.”

Macho ya Mokbul yalikwenda kwenye ukuta wa ghala, na Motaleb, ambaye hakuwa mjinga kama alivyopenda kuonekana, akaenda pale pale. Nyuma ya magunia ya pilipili alikuta mifuko ya unga wa njano, mdomo wa mmoja ukiwa wazi na kikombe cha kuchotea kimezama ndani.

“Inuka, Bwana Mokbul,” alisema Rehnuma. “Maliza tonge lako kwanza.”

Tonge halikumalizika. Mashine ikatiwa kufuli, na kabla ya jua kuzama kipaza sauti cha msikiti na kile cha hekalu vilikuwa vikitangaza jambo moja: watu wasile manjano ya Mokbul, walete makopo yao kituoni.

* * *

Mzee Nibaran alisikia habari akiwa kwenye benchi lile lile. Uso wake ulichangamka.

“Basi nimesafishwa!”

“Kwa sumu, ndiyo,” alisema Rehnuma. “Unaweza kurudi nyumbani. Lakini kaa kidogo.”

Akamweleza yote, mtu mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa Dulal, mzee aliinamisha kichwa. Alipomaliza habari za bibi, alikuwa anatazama mikono yake.

“Kwa hiyo unga wangu haukufanya kitu.”

“Haukumdhuru mtu. Wala sikuona uliyemponya.”

“Kamini—”

“Kamini aliponywa na wali wa kuchemsha.”

“Miiko ni yangu pia! Ilikuwa ya baba yangu!”

“Miiko ni yako, na imeokoa watu. Ulijua kwa nini mnakataza viungo?”

“Baba alisema vinachemsha damu.” Kisha akasema kwa utulivu, “Binti yangu, unadhani mtu atakuja kwangu nimwambie tu, usile samaki, usile dengu? Atanicheka. Nikimpa kitu kichungu chupani, anatii. Unga ndio kamba ya kuwafungia.”

“Gourango alitii chupa, miiko akaiacha. Mkewe alipomwambia twende hospitali, alisema dawa anayo. Alikaa nyumbani kutoka mwanzo wa mvua, mzee, akisubiri unga ufanye kazi.”

Mzee alikaa mpaka Motaleb akamletea chai nyingine, akainywa yote bila kuitia kasoro.

“Gari lenu linaenda hospitali?” aliuliza mwishowe.

* * *

Gourango alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mpira wa dawa umemwingia mkononi. Jhuma alikuwa kitanda cha pili, amekaa, anakula wali, na bibi yake ndiye aliyemlisha. Daktari Lutfa alikuwa ameshawaambia: mtoto amewahiwa, baba itachukua miezi, na kiganja kitarudi kwa kiasi gani, yeye hawezi kuahidi.

Vijana wawili waliokuwa na dumu siku ile walisimama kando ya kitanda. Walipomwona mzee wakatazama sakafu.

“Gourango,” alisema Mzee Nibaran. Alizungumza kwa sauti ya kusikika wodi nzima. “Nilikwambia unga wangu utakuponya. Haukuponyi. Ungekuja huku mapema, na mimi ndiye niliyekuzuia.”

“Hukunizuia wewe,” alisema Gourango. “Mimi ndiye niliyeogopa hospitali.”

“Nilikupa sababu.”

Mmoja wa vijana akamsogezea mzee kiti, na mzee akaketi.

Malati alikuwa amesimama miguuni pa kitanda tangu walipoingia. Akamvuta Rehnuma kando, karibu na mlango, mahali mumewe asiposikia.

“Dada, niambie kweli. Siyo unga?”

“Siyo unga.”

“Ni manjano. Yale niliyomtilia mimi, asubuhi na jioni.”

“Ni yale uliyouziwa.”

“Kwa mkono wangu.”

“Uliyouziwa, Malati. Kesho nakuhitaji kituoni uyaseme hayo mbele ya Mokbul. Uliyouziwa. Jizoeze kulisema.”

Malati aliitikia kwa kichwa, midomo ikilirudia neno hilo bila sauti. Kisha akajifuta macho kwa pindo la sari, akaenda kitandani, akaushika mkono wa kulia wa mumewe kwenye kifundo na kuanza kukinyoosha kiganja, kidole kimoja baada ya kingine, kama daktari alivyomwonyesha.